Chaki kwenye Mlango wa Rhoda

Nyinyi mnaoanza kazi ya afya mtaani mwaka huu, wenye mikoba mipya mgongoni na simu za kuandikia majina ya wagonjwa, nimewaona mkipita Jogoo Road asubuhi na nimetamani kuwasimamisha. Sikuwasimamisha kwa sababu mlikuwa na haraka, na mimi siku hizi nina goti moja linalokubali na jingine linalokataa. Kwa hiyo nawaandikia. Mtasoma mkiwa mmeketi.

Jina langu ni Wanjiru, Shiru kwa walionizoea. Nilifanya kazi ya afya ya umma huku Eastlands, kuanzia Muthurwa mpaka Makadara, tangu nikiwa msichana mwembamba hadi nikastaafu nikiwa nyanya wa wajukuu watatu. Kwetu huku afisa wa afya huitwa Bwana Afya, awe mwanamume awe mwanamke. Nilikuwa napita na sketi yangu, watoto wanakimbilia ndani wakisema, "Mama, Bwana Afya amekuja, ficha kuku." Hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mume wangu. Jioni alikuwa ananifungulia mlango na kuniambia, "Karibu nyumbani, bwana."

Wengi wakistaafu hutamani ofisi zao, au saluti ya mlinzi getini. Mimi natamani milango. Natamani kubisha kwenye safu ya nyumba za reli pale Makongeni saa nne asubuhi, wanaume wameshaenda kazini na maharagwe yako jikoni, nisikie sauti ikisema bila hata kuuliza ni nani, "Ingia, hapajafungwa." Unaingia, unapewa stuli, unapewa chai ambayo hukuomba, na kabla hujaimaliza umeshaambiwa nani anakohoa, nani amejifungua, nani ameacha dawa zake. Kazi yetu yote ilikuwa pale kwenye kikombe kile.

Mlango mmoja niliufunga kwa mkono wangu mwenyewe, na ilinichukua miaka kumi na moja kuona kama utafunguka tena. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyoufunga, kwa sababu nanyi mna uwezo wa kufanya vilevile, tena haraka kuliko mimi. Ukifungiwa mlango katika kazi hii, hasara si yako. Ni ya mgonjwa aliye nyuma ya mlango huo, na ya jirani anayechota maji naye.

Mlango wenyewe ulikuwa wa Rhoda.

Rhoda alikuwa mke wa fundi wa reli, mzaliwa wa upande wa Busia, na alikuwa anakaanga samaki kwenye karai kubwa mbele ya nyumba yake. Tulijuana kwa ugomvi. Nilitumwa kumwambia afunike samaki wake, nzi walikuwa wengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kipande, akakiweka kwenye gazeti, akanisogezea.

"Kula kwanza, halafu uniambie ni mchafu."

Nilikula. Nikamwambia si mchafu lakini bado afunike. Akacheka, akaenda kutafuta wavu. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na stuli yangu ndani ya nyumba yake, na binti yake Nekesa alijifunza kuhesabu kwa vidonge vya mkoba wangu, vile ambavyo muda wake ulikuwa umepita.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo nimtaje aliyenifundisha kazi, maana bila yeye hamtaelewa kosa langu lilikuwa kubwa kiasi gani.

Aliitwa Mzee Barasa. Alianza akiwa kijana wa kufagia kwenye nyumba za reli, akapanda polepole mpaka akawa msaidizi wa afya, na nilipoajiriwa nikakabidhiwa kwake. Juma langu la kwanza alinituma nipite nyumba kwa nyumba. Nilibisha kila mlango nikauliza, "Hapa kuna mgonjwa?" Kila mlango ukasema hakuna. Nikarudi na daftari safi, nikamwambia mtaa mzima ni mzima.

Aliangalia daftari, akaliangalia tena upande wa nyuma kana kwamba wagonjwa wamejificha huko.

"Binti, umeuliza swali ambalo jibu lake ni hapana," akasema. "Kesho nenda ukae pale bombani. Usiulize nani mgonjwa. Uliza nani hakuja."

Kesho yake nilikaa bombani kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sikuuliza hata mara moja nani anaumwa. Niliuliza tu, "Mbona leo foleni ni fupi?" Basi. Wakaanza wenyewe: fulani hajaonekana tangu juzi, yule wa nyumba ya mwisho ametuma mtoto na mtoto mwenyewe ana macho mekundu, yule wa kwaya amekosa mazoezi na si kawaida yake. Kabla ya saa sita nilikuwa na nyumba tatu za kwenda, na zote tatu zilikuwa na homa.

Siku nyingine nilimuuliza alijifunzia wapi mbinu hiyo. Akanieleza juu ya homa kubwa ya mafua ya mwaka wa hamsini na saba, ile iliyozunguka dunia ikitokea Asia. Alikuwa kijana na ufagio wake. Asubuhi moja walipanga mstari, msimamizi akaanza kuita majina, na baada ya kila jina kukawa kimya. Anaita, kimya. Anaita, kimya. Alipomaliza, kikosi kizima kilikuwa watu watano. Mzee Barasa alisema siku ile hakuna daktari aliyekuwa bado amewaambia lolote, lakini orodha ya majina ilikuwa imeshasema.

Na ile ya zamani zaidi, ya mwaka wa kumi na nane, aliipata kwa mama yake, aliyekuwa msichana mdogo huko magharibi. Wabeba mizigo wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wanarudi nyumbani, na kikohozi kilirudi nao. Mama yake alimwambia kwamba pale kwao watu walificha wagonjwa ndani ya ghala la mahindi kwa kuogopa kuchukuliwa. Waliofichwa walikufa kwa kiu, si kwa homa peke yake, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuonekana akipeleka maji ghalani. Waliobaki ndani ya nyumba, wakapewa maji na uji na mtu wa kuwageuza ubavu, wengi wao waliamka. Hapakuwa na dawa wala chanjo. Kulikuwa na tofauti ya kufichwa na kutofichwa.

Nieleze hapa kitu ambacho mtaulizwa kila mlango. Kwa nini homa ya mafua inarudi kila mwaka, na kwa nini mara moja moja inakuja ikiwa na hasira? Mimi nilikuwa nawaeleza watu hivi. Kirusi chake ni kama mtu anayepita getini kila mwaka amebadilisha shati. Askari wa mwili wako anamtazama, anasema, huyu nafikiri namjua, na anamzuia nusunusu. Ndiyo maana unaumwa siku tano unapona. Lakini ndege wana mafua yao, nguruwe wana yao, na sisi tuna yetu, na mara moja katika miaka mingi virusi hivyo vinakutana ndani ya mnyama mmoja, vinachanganyika, na anatoka mtu mgeni kabisa, sura mpya, mwendo mpya. Askari hamjui. Wala wa jirani hamjui. Dunia nzima hakuna anayemjua. Hapo ndipo inakuwa homa ya ulimwengu. Na kwa kuwa hakuna anayemjua, hata sisi wa afya siku za kwanza hatumjui. Semeni hivyo. Watu wa Eastlands wanasamehe "sijui bado" kuliko mnavyodhani. Hawamsamehe aliyejifanya anajua.

Basi ukafika mwaka wa ile iliyoitwa homa ya nguruwe. Redio asubuhi homa ya nguruwe, jioni homa ya nguruwe. Watu waliacha kununua nyama ya nguruwe, ingawa nyama haina kosa. Tulipewa vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli puani, kisanduku cha barafu, na gari, kwa sababu barafu haingojei mtu anayetembea.

Nekesa alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Bweni zima lilianza kukohoa, wakarudishwa nyumbani. Rhoda alinipigia mwenyewe.

"Shiru, njoo umwangalie huyu mtoto. Anawaka kama jiko."

Nilifika na gari. Dereva alikuwa amevaa barakoa, nami nilikuwa nimevaa. Nikaingia, nikaketi kwenye stuli yangu, nikamweleza Nekesa kwamba kijiti kitaingia mbali kuliko anavyofikiri na macho yatatoa machozi, lakini nitahesabu mpaka tano tu. Hiyo kumbukeni: mwambie mtu mwisho ni wapi, atakuvumilia. Nilipofika nne akasema kwa sauti ya puani, "Bwana Afya, unatafuta ubongo?"

"Ukiupata utuambie, mwalimu wake anautafuta pia," mama yake akasema.

Tulicheka wote watatu. Nikafungua dirisha, nikawaeleza mtoto asitoke, anywe maji, alale upande wake peke yake, na mama anawe mikono kabla ya kushika samaki. Nikafunga kisanduku. Nikatoka.

Na pale nje, kisanduku mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukaingia mfukoni, ukatoa chaki, ukaandika tarehe na alama ya vema kwenye mlango.

Nawaomba mnielewe. Kwa miaka mingi nilikuwa nimezunguka kwenye kampeni za matone ya polio. Ukishampa mtoto matone, unaandika mlangoni kwa chaki, ili mwenzako anayefuata ajue nyumba hii imekamilika. Ilikuwa alama ya kupendwa. Kuna akina mama waliolalamika tukisahau kuwaandikia. Mkono wangu ulikuwa umezoea: ukitoka nyumbani kwa mtu, unachora. Sikufikiria. Hata sikumbuki nikichora. Labda mkono ulitaka kujua pa kurudisha majibu, kana kwamba ningepotea kwenda kwa Rhoda.

Lakini safu nzima ilikuwa imesimama milangoni. Waliona gari. Waliona barakoa mbili. Waliona chaki. Asubuhi hiyohiyo redio ilikuwa imewaambia kuna homa inaua.

Siku ya pili, hakuna aliyenunua samaki. Siku ya tatu Rhoda alipofika bombani, wanawake walivuta ndoo zao wakampisha, na hawakumpisha kwa heshima. Akina mama wa maombi waliokuwa waje kwake Alhamisi walituma ujumbe kwamba wameona wakutane kwingine. Mtoto wa mtu alimwita Nekesa nguruwe kupitia dirishani, dirisha lilelile nililosema lifunguliwe.

Rhoda alikuja ofisini kwetu siku ya tano. Alikuwa ameshika kitambaa cha kudekia, kimejaa weupe.

"Nimefuta mara tatu," akasema. "Ule mlango ni wa kijani. Ukifuta, inabaki."

"Rhoda, sikukusudia. Ni mazoea tu ya polio."

"Najua hukukusudia. Ungekusudia ningejua pa kukushika."

Akakunja kitambaa, akaondoka bila kuketi.

Majibu yalikuja baadaye. Haikuwa homa ya nguruwe. Ilikuwa mafua ya msimu, yale ya shati lililobadilishwa. Nekesa alikuwa ameshapona na kurudi shule. Nikaona, sasa nimepata dawa. Nikapita mlango kwa mlango na karatasi mkononi, nikawaeleza wote: si ile, si ile. Mama mmoja mzee, jirani wa Rhoda wa ukuta kwa ukuta, Mama Kamau, alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Kama si ile," akaniuliza, "mbona ulichora?"

Nilikunja karatasi yangu.

Nilikwenda kwa Mzee Barasa. Alikuwa amestaafu zamani, anaishi kwa mwanawe Makadara, masikio yamechoka lakini kichwa kiko sawa. Nilitarajia anipe pole.

"Umewapa nini?" akauliza.

"Nimewapa majibu ya maabara, Mzee."

"Watu hawali majibu. Huyo mama anauza nini?"

"Samaki."

Alikunja uso. Mzee Barasa hakupenda samaki. Mwiba ulimkwama kooni utotoni na hakuwahi kuwasamehe. Akasema, "Basi. Kesho saa sita."

Kesho yake saa sita alishuka Makongeni amevaa koti lake la kaki la kazi, vifungo vimeng'arishwa, kofia kichwani, fimbo mkononi. Safu nzima ilimjua. Nusu yao, alivipiga vitanda vyao dawa ya kunguni walipokuwa watoto. Akaketi kwenye benchi la Rhoda, mbele kabisa, akaagiza samaki mzima. Rhoda alimtazama, akanitazama. Akamkaangia.

Alikula polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akila, akichambua kila mwiba na kuupanga pembeni kama anayefanya hesabu. Fundi mmoja wa magari alipita, akasimama.

"Mzee, huogopi?"

"Naogopa sana," akasema. "Miiba."

Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Mimi nikawa naketi naye na sare yangu. Hatukuhubiri. Hatukusema neno juu ya homa. Siku ya sita yule fundi aliketi nasi. Juma lililofuata walikuja wenzake wa gereji. Kabla ya mwezi kwisha karai lilikuwa linachemka kama zamani, na Mzee Barasa akarudi nyumbani kwake akala maharagwe kwa furaha. Nimesoma vitabu vingi vya kitaalamu juu ya hofu ya watu wakati wa maradhi. Sijaona kilichofundisha zaidi ya kile kitako cha mzee kwenye benchi.

Nilidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Wateja walirudi kwa Rhoda. Lakini nilipobisha mlangoni kwake, mlango ulifunguka kiasi cha upana wa mwili wake tu, na mwili wake ulikuwa pale.

"Hatujambo wote," alikuwa akisema, kabla sijauliza.

"Nekesa?"

"Hajambo."

"Mzee wako?"

"Sote, Bwana Afya."

Hakunikosea adabu hata siku moja. Samaki aliniuzia, na vizuri. Lakini stuli yangu sikuiona tena. Lililokuwa baya zaidi, safu nzima ilijifunza kwake. Mtu akishikwa na homa anapelekwa duka la dawa la mbali, upande wa pili wa mtaa, ili Bwana Afya asijue. Mtoto mmoja mchanga alishikwa na kichomi, wakamficha siku nne. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini aliponea chupuchupu, na zile siku nne niliziandika kwenye hesabu ya makosa yangu mwenyewe. Nilikaa bombani kwenye ndoo yangu na kuuliza mbona foleni ni fupi, na wanawake wakanijibu kwamba leo ni baridi.

Kwa hiyo miaka ile yote nilikuwa na hofu moja. Mgeni mwingine asiyejulikana angefika duniani, maana hufika, na kwenye safu ile ningeukuta ukimya. Kule kwao Mzee Barasa walikuwa na ghala la mahindi. Mimi nilikuwa nimewajengea la kwangu, kwa kipande cha chaki.

Mzee Barasa alikufa kwa uzee wake, akazikwa kwao Bungoma, na nilisafiri kumzika. Nilimkosa sana mwaka uliofuata, korona ilipofika. Si homa ya mafua ile, ni ukoo mwingine, lakini inapita njia zilezile: pumzi, chumba kimoja, dirisha lililofungwa. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Mara ngapi nilitaka kupanda mpaka Makadara nimuulize nianzie wapi.

Vijana wa ofisi walitaka twende na magari na mavazi meupe. Niliomba safu ile ya Makongeni niachiwe mimi. Nikaenda kwa miguu. Niliona siku mbili mfululizo karai la Rhoda limepinduliwa ukutani. Sikubisha. Nawaambia ukweli, hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya kazini, kutobisha. Kwa sababu nilijua ningebisha angesema hatujambo, na akishasema hivyo amejifunga mwenyewe. Nikamtumia ujumbe wa simu: "Kesho saa nne nitakuwa kwenye benchi lako. Sina gari. Sina chaki. Ukitaka, fungua dirisha."

Kesho yake niliketi. Saa nne ikapita. Saa tano. Jua likanijia mapajani. Saa tano na nusu dirisha likafunguka, na nikamsikia kabla sijamwona. Kikohozi kikavu, na pumzi fupi katikati ya maneno.

"Ukichukua hicho kijiti chako, nani atajua?"

"Mimi, wewe na maabara. Wengine ni juu yako. Uwaambie, usiwaambie."

"Na nikinyamaza?"

Hapo ningeweza kumtisha. Nilikuwa na maneno ya kutosha. Nikasema tu niliyoyajua. "Mama Kamau ana sukari. Huwa mnachota maji pamoja."

Uso wake ukaondoka dirishani. Nilidhani amerudi kulala. Kisha akashika nondo za dirisha, akavuta pumzi kadiri alivyoweza, akaita kwa sauti ambayo hata sasa naisikia.

"Mama Kamau. Usije kwangu. Nimeshikwa kifua, nafikiri ni hii korona. Mtu asije. Atakayenipikia uji auache hapo kwenye benchi, nitauchukua mwenyewe."

Safu yote ilikuwa imesikia. Mimi nilitazama chini. Nilikuwa naogopa kuona milango ikifungwa.

Wa kwanza kujibu alikuwa Mama Kamau, kutoka ndani. "Uji wa wimbi au wa mahindi?"

"Wa wimbi. Utie ndimu."

Kisha dirisha la nyumba ya nne likafunguka, mwanamume akasema, kwa aibu kidogo, kwamba naye hasikii harufu ya chakula tangu Jumapili. Kisha mama wa upande wa pili akasema mumewe analala tu mchana kutwa. Asubuhi ile moja, kutoka kwenye benchi, niliambiwa mengi kuliko nilivyoambiwa miaka kumi na moja. Sikuandika hata jina moja mpaka mwenyewe aliponiambia, "Andika."

Sitawapambia hadithi. Si kila safu ilifanya hivyo, na mwaka ule tulizika watu niliowapenda. Rhoda mwenyewe alikaa siku ambazo sikujua kama ataamka. Lakini aliamka. Mama Kamau hakushikwa. Mabakuli yaliendelea kuja kwenye benchi, yamefunikwa, kila mtu akisimama mbali na kupiga kelele za kumtania Rhoda kwamba sasa wao ndio wanaompikia.

Ndicho ninachotaka mjue kabla hamjafika mlango wenu wa kwanza. Chanjo zitakuja, na mkiambiwa chanjeni, chanjeni. Dirisha lifunguliwe, mikono ioshwe, anayekohoa abaki nyumbani na apelekewe chakula, kwa sababu asiye na chakula hatabaki. Hayo yote ni kweli tangu zama za mama yake Mzee Barasa. Lakini yote yanaanza na mtu mmoja anayekubali kusema mapema kwamba anaumwa, na hilo huwezi kumnyang'anya. Anakupa au hakupi. Simu zenu nimeonyeshwa. Zinaweka kidoti chekundu kwenye ramani, juu ya nyumba ya mtu. Ni kizuri kidoti hicho, kinasaidia ofisi kujua pa kupeleka dawa. Mkikiweka, fikirieni ni nani mwingine anayeiona ramani hiyo. Muulizeni mwenye nyumba. Mimi sikuuliza.

Mwaka niliostaafu, mume wa Rhoda naye alistaafu, na wakaamua kurudi Busia. Siku ya lori nilikwenda kuwasaidia kubeba. Vitu vilikuwa vimetolewa nje, nyumba imebaki karibu tupu, na mlango umefunguliwa wote. Niliingia ndani mara ya kwanza tangu ule mwaka wa chaki. Tulibaki wawili, mimi na yeye, tumesimama upande huu na upande ule wa kabati la vyombo. Nikaona nisipouliza leo, sitauliza tena.

"Siku ile uliyofungua dirisha," nikamwambia, "ulikuwa umenisamehe?"

Rhoda alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, hata ukimuuliza bei.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nafikiria Mama Kamau."

"Na sasa?"

Aliinama, akaingiza vidole chini ya kabati.

"Sasa shika huko kwako," akasema. "Na polepole, kuna glasi ndani."

Nilishika. Tulitoka nalo tukitembea kwa hatua ndogondogo, yeye kinyumenyume, mimi nikimwelekeza kizingiti kilipo.